Wimbo Wangu Ghalani

Mama yangu hajawahi kuuza korosho kwa kangomba, yule mnunuzi wa mlangoni anayenunua kwa bei ya chini nje ya chama na mnada. Hata mwaka ule upepo ulipong'oa paa la jikoni tukawa tunapikia chini ya mkorosho, yule jamaa wa baiskeli alikuja na pesa taslimu mfukoni, mama akampa maji ya kunywa, akamuuliza hali za watoto wake, kisha akamwambia korosho zetu bado maua. Zilikuwa zimejaa gunia mbili chumbani kwake. Nimeanza na hilo kwa sababu Juni 2024 kangomba alinijia mimi, hapa mjini, na hakuwa anatafuta korosho.

Mimi ni karani wa steshenari, Majengo, Mtwara mjini. Natoa fotokopi, nalaminisha vyeti, nawajazia watu fomu za ajira, za mkopo wa chuo, za namba ya mlipakodi. Jioni na Jumapili naimba. Jina la kazi ni Siwema wa Kusini. Hilo la "wa Kusini" sikulipanga, nitalifikia.

Watu wakijua kwamba nyimbo zangu nazitoa mwenyewe, bila lebo na bila meneja, swali la kwanza huwa ni nani aliniunganisha. Hakuna. Nilichokuwa nacho mimi ni uzoefu wa fomu. Kuutoa wimbo mtandaoni, ukiondoa kuuimba na kuurekodi, ni fomu tu: jina la msanii, jina la wimbo, faili la WAV, kava ya mraba yenye pikseli 3,000 kila upande, tarehe ya kutoka. Unalipa ada ya mwaka kwa kampuni ya kusambaza, yenyewe inaupeleka Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack, YouTube na kwingine ambako hata sijawahi kufungua. Wimbo unapewa namba yake, ISRC, tarakimu na herufi 12, na namba hiyo haibadiliki hata ukihama kampuni. Mtu aliyewahi kumjazia mzee wa miaka sabini fomu ya kitambulisho cha taifa, mzee asiyeikumbuka tarehe yake ya kuzaliwa ila anakumbuka kwamba ulikuwa mwaka wa nzige, hawezi kushindwa na hiyo.

Nilikwama penye vitu vidogo. Mahali pa kuchagua lugha hapakuwa na Kimakonde, na ubeti wa pili wa wimbo wangu ni Kimakonde kitupu. Nikaandika Kiswahili. Mahali pa aina ya muziki palikuwa na orodha ndefu kama ya madeni, lakini kitu kinachoanza kama ngoma ya unyagoni kikaishia kama singeli iliyopunguzwa mwendo hakikuwamo. Nikachagua "Afrika". Bara zima.

Halafu pakaja mahali pa mtunzi.

Wimbo unaitwa Mabibo. Kwa msomaji asiye wa huku: bibo ni lile tunda linaloning'inia juu ya korosho. Korosho inaokotwa, inaanikwa, inapelekwa kuuzwa. Bibo wachache wanalikamua uraka, pombe yake, mengi yanaozea chini. Nikaimba, "Umechukua korosho, bibo umeliacha," na kila mwanamke aliyewahi kuachiwa watoto na mwanamume aliyekwenda Dar "kutafuta" ananielewa bila maelezo. Maneno ni yangu. Mahadhi ya kiitikio si yangu. Niliyapokea nikiwa mwali, kutoka kwa somo yangu, mama aliyenifunda, naye aliyapokea kwa somo yake. Maneno ya mle ndani siwezi kuyatoa nje na sikuyatoa, ila sauti ile imo damuni, na nilipofungua mdomo kwenye kipaza sauti ndiyo iliyotoka.

Nilipanda gari hadi kwa somo kumwomba ruhusa. Nilitegemea kugombezwa. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa mapigo, akasema maadamu maneno yamebaki yalipo hana neno. Nikamuuliza: kwenye karatasi niandike mtunzi ni nani? Akacheka. "Andika waliotuzaa."

Fomu ikakataa. Nilijaribu "Wahenga", ikataka jina la kwanza na la mwisho. Nilijaribu "Mahadhi ya Jadi", nikidhani nimeizidi ujanja: jina la kwanza Mahadhi, la mwisho Jadi. Siku ya pili nikajibiwa kwamba mtunzi lazima awe mtu halisi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima ya sanaa za jadi, kwa hiyo hapa nchini jambo hili angalau limewahi kufikiriwa na mtu. Kwenye kile kisanduku hapakuwa na nafasi. Nikaandika jina langu peke yangu, na mpaka leo nikiufungua ule ukurasa macho yangu yanapita pale haraka.

Kwa prodyuza ilikuwa rahisi. Anarekodi chumbani kwao Chikongola, godoro limesimamishwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda, na tukirekodi mchana dada yake hana ruhusa ya kutwanga. Biti ni yake kaitengeneza mwanzo mpaka mwisho, hakuipakua mtandaoni. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nawafahamu wenzangu wawili walioimbia biti za bure, na watu wengine mia wameimbia biti hizo hizo, sasa kila wakiweka wimbo YouTube mfumo unawaambia hiyo ni mali ya mtu mwingine. Tukaandikiana: asilimia 60 mimi, 40 yeye. Nilichapa mwenyewe nakala mbili, tukasaini mbele ya muuza chipsi.

Tarehe ya kutoka niliweka Ijumaa, 10 Mei 2024. Ijumaa ndiyo siku ya dunia nzima ya kutoa nyimbo mpya tangu 2015, nami nikajiona nimo. Basi sikilizeni bahati. Wiki ile ya mwanzo wa Mei Kimbunga Hidaya kilipita, mvua zikaikata barabara ya Dar pale Somanga, mabasi na malori yakalala njiani, nyanya hapa sokoni zikapanda bei. Wimbo ukatoka Ijumaa kama ulivyopangwa. Ila haukuonekana kwangu. Ulikwenda kukaa kwenye ukurasa wa Siwema mwingine, sijui wa wapi, anayeimba nyimbo za dini. Picha yake, kilemba chake, chini yake wimbo wangu wa mabibo. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, mashine ikanishukuru kwa uvumilivu. Jumapili, tarehe 12, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zikakatika, intaneti ikaanguka nchi nzima. Bando lilikuwepo, mtandao hakuna. Wateja wakajaa mlangoni wakidhani nimezima kwa makusudi.

Nilikaa pale nyuma ya mashine ya fotokopi nikawaza: barabara imekatwa, bahari imekatwa, na wimbo wenyewe uko kwa mtu wa kilemba.

Jumanne saa tatu asubuhi bajaji ikapita mbele ya duka ikiimba Mabibo.

Nilitoka nje na stepla mkononi. Ilikuwa imeshapita. Kabla ya adhuhuri nikaisikia tena, safari hii kwenye sabufa ya kinyozi. Nikamuuliza kinyozi kaitoa wapi, akanielekeza kibanda cha kijana anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, karibu na soko. Kazi hiyo watu wa Dar wanadhani ilikufa pamoja na CD. Huku haijafa. Mtu wa kijijini hanunui bando la kusikilizia muziki, bando ni la WhatsApp. Anakuja mjini na kadi yake, anatoa buku, anaondoka na nyimbo ishirini za kumtosha mpaka safari ijayo. Na wiki ile mtandao ulivyokuwa umekata, hata watu wa mjini walipanga foleni kwake.

Nikamkuta. Kompyuta yake haina kifuniko cha pembeni, kibodi haina herufi nusu. Kwenye orodha wimbo wangu umeandikwa "Mpya kali kusini 3".

"Hii nani kakupa?"

"Dada, hii ndiyo inayouliziwa. Nikuwekee?"

"Ni yangu."

Akanitazama juu mpaka chini, na mimi nimevaa fulana ya steshenari iliyoandikwa huduma za uchapaji. "Imba basi."

Nikaimba. Pale pale, kiitikio kizima, muuza miwa akasimamisha mashine. Kijana akageuka kwenye kompyuta bila kusema kitu, akafuta "Mpya kali kusini 3", akaniuliza jina linaandikwaje. Nikamwambia Siwema. Akasema Siwema wapo wengi, hata mama yake mdogo. Siwema wa wapi? Hapo ndipo "wa Kusini" ilipozaliwa, na nilipoiandikia ile kampuni kwamba nabadili jina la msanii, wimbo uliondoka kwa yule dada wa kilemba baada ya siku tisa. Kijana wa buku buku alitatua kilichoshindikana kwa barua pepe saba.

Jambo la pili alilonifundisha ni namba ya simu. Faili likapewa jina: Siwema wa Kusini, Mabibo, halafu namba yangu. Kila anayepiga wimbo, namba inapita kwenye kioo cha redio ya gari. Sikumtoza na hakunitoza. Wenzangu wengine wananilaumu, wanasema nimehalalisha wizi. Labda. Lakini wizi ulikuwa unaendelea bila mimi, sasa angalau unaendelea na namba yangu.

Simu zikaanza. Nachingwea, Mahuta, Nanyamba. Wawili walidhani mimi ni mganga, kwa kuwa huku namba iliyoandikwa mahali bila maelezo ni ya mganga. Mmoja aliomba mkopo. Mama mmoja wa Mahuta alinitumia shilingi 2,000 saa nne usiku na ujumbe: "Ya maji mwanangu, umeniliza." Ile ndiyo pesa yangu ya kwanza ya muziki.

Kangomba alikuja katikati ya Juni. Alivaa vizuri, anaongea taratibu, alisema amekuja kutoka Dar na wimbo kausikia kwenye bajaji. Alikuja na mkataba kwenye flashi, akaniomba nimchapie. Yaani mkataba wa kuninunua nimeuchapa mimi mwenyewe, ukurasa mmoja, nikamtoza shilingi 200. Shilingi 300,000 taslimu, badala yake haki zote za wimbo, sauti, mashairi na muziki, duniani kote, milele. Mshahara wangu wa miezi miwili. Na Juni, kila mtu wa Mtwara na Lindi anaijua Juni: pesa ya msimu uliopita imekwisha, ya msimu ujao bado iko kwenye majani, watu wanaishi kwa kukopa. Ndiyo miezi ya kangomba hasa. Nilimwomba siku mbili.

Nikaenda Tandahimba kwa mama na ule mkataba kwenye bahasha. Ukitaka kuimba na umetoka Tandahimba, kila mtu atakutajia Harmonize, kwao Chitoholi, si mbali na kwetu. Nenda Dar kama yeye! Wanakumbuka magari, hawakumbuki kwamba alikaa chini ya lebo ya WCB kuanzia 2015, akatoka 2019 ndipo akaanzisha ya kwake, Konde Music Worldwide. Miaka minne ndani ya nyumba ya mtu. Sisemi vibaya, pengine ndiyo iliyomfanya. Nasema njia ile ina nauli yake.

Mama hakumzungumzia Harmonize. Alimzungumzia mjomba. Mjomba wangu alikuwa na bendi miaka ya tisini, alibeba kaseti mama, ile ya kurekodia yenyewe, kwenye mfuko wa rambo hadi Kariakoo, enzi hizo daraja la Mkapa bado, gari zinasubiri kivuko cha Rufiji pale Ndundu, ukikuta maji yamejaa unalala. Akauza nyimbo nane kwa mkupuo, akarudi na baiskeli mpya. Baadaye tukawa tunazisikia, mama anasema, kwenye vilabu na kwenye mabasi, na mjomba akizisikia alikuwa anainuka anatoka nje. Sikuwahi kujua kwa nini. Nilidhani anakwenda haja.

Nikamsomea mkataba. Nikafika kwenye "milele", akanisimamisha.

"Huyu si kangomba," akasema. "Kangomba ananunua korosho, mkorosho anakuachia."

Sikuuza. Nisijisifu, nilikuwa na wiki mbaya sana baada ya hapo, kodi ya chumba ilinikuta sina kitu.

Usiku ule pale uani mama alitaka kujua hiyo njia nyingine ikoje, hiyo ya mtandaoni. Nilipoanza kumweleza nikagundua simwelezi kitu kigeni. Unapeleka mzigo wako. Unapewa karatasi yenye namba. Mzigo wako unachanganywa na wa wenzako. Bei inajulikana baadaye, huko mbali. Pesa inakuja baada ya miezi, imeshapita makato. "Stakabadhi ghalani," akasema, kama anayesikia habari za jirani. Wakulima wa korosho wameishi na mfumo huo tangu msimu wa 2007/2008, anaujua kuliko mimi ninavyoijua fotokopi. Akataka kujua makato. Nikamwambia Spotify, kwa mfano, tangu mwanzo wa 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi kabisa kwenye mgao, na wangu mle umesikilizwa mara mia sita na kitu. Akauliza hizo mia sita zinakwenda kwa nani. Nikamwambia zinabaki kwenye chungu, wanagawana wenye nyingi. Akanyamaza, akachochea moto.

"Sisi bei ikiwa mbaya tunagoma," akasema. "Mnada unavunjika, mnunuzi anaongeza. Ninyi mnagomaje?"

Sikuwa na jibu. Nimewauliza wenzangu wanaoimba hapa mjini, hawana. Prodyuza alisema tutagoma kwa kutoa wimbo wa kugoma.

Oktoba ikafika. Minada ya kwanza bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na siku hizi mnada wenyewe unapita kwenye mfumo wa kompyuta wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, kwa hiyo mama naye ni mtu wa kidijitali. Msimu ukiwa mzuri Kusini yote inabadilika: mabati mapya, pikipiki mpya, harusi, na wasanii wa Dar wanakumbuka ghafla kwamba kuna barabara ya huku. Simu yangu, ile namba ya kwenye faili, ikaita mfululizo. Nimeimba Kitangari, nimeimba Mahuta, mama wa shilingi 2,000 akaja mbele kunitunza, akanibandika noti kwenye paji la uso huku analia tena. Kwa usiku mmoja Kitangari nililipwa shilingi 150,000 na nauli, mbali ya tuzo. Hesabu yote ya mtandaoni, majukwaa yote pamoja, tangu Mei hadi Desemba, ilikuwa dola 9 na senti 40. Asilimia 40 ya prodyuza tumeamua aniache ninunue soda.

Kwa hiyo Aprili mwaka uliofuata, ada ya mwaka ya kampuni ya kusambaza ilipodai, dola ishirini na kitu, kila mwenye akili aliniambia niache. Usipolipa, nyimbo zinashushwa. Zishuke, si zipo kwenye memori kadi? Nilifikiri siku tatu. Kilichoniamua ni yule bwana wa mkataba, kangomba wa Dar. Mwezi Februari nilisikia kuna kijana, si yeye ila huenda wanajuana, ameuimba Mabibo kwa sauti yake akauweka YouTube kama wake. Nililalamika nikiwa na tarehe, ISRC, mkataba wa prodyuza, na wimbo ukiwa hewani kwa jina langu tangu Mei. Video ikaondolewa ndani ya wiki. Memori kadi isingenisaidia hapo, memori kadi haina tarehe mtu yeyote anayoiamini.

Nikalipa, kwa pesa ya Kitangari.

Nilipokwenda nyumbani nikamwonyesha mama risiti kwenye simu. Akasema kwenye simu ni maneno tu, atoe wapi akizima? Nikamchapia nakala safi, karatasi nzito, nikampelekea safari iliyofuata. Akalifungua kopo lake la biskuti, lile la stakabadhi za chama, akaitazama ya kwangu huku na huku kabla ya kuiingiza.

"Mbona haina muhuri?"

Nikarudi nayo mjini. Jumatatu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, nikaigonga muhuri wa steshenari.